Kalulu Kisimani: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Tamasha la Hadithi na Muziki wa Klasiki kwa Watoto wa Lubumbashi

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wa shule za msingi, viongozi wa korali, wazazi na vijana wenye vikundi vya muziki ambao wangependa mtoto wa miaka mitano hadi kumi ausikie muziki wa Haydn au wa Vivaldi kwa mara ya kwanza ukipigwa mbele ya macho yake, na aondoke ukumbini akiuimba. Njia ninayoieleza ni tamasha la hadithi: msimuliaji mmoja, wapiga muziki watano au sita, na hadithi moja isiyozidi nusu saa. Nimeiandaa mara kadhaa hapa Lubumbashi, katika komini (yaani tarafa za mji) za Kenya na Katuba, na katikati ya mji, na kila mara nimejifunza upya kwamba kazi yote inategemea jambo moja, nalo ni kuuachia muziki wenyewe usimulie sehemu yake. Msimuliaji akifafanua kila sauti, watoto humsikiliza yeye na kuuona muziki kuwa kelele za nyuma. Akijua kunyamaza, watoto huanza kutafuta maana ndani ya sauti, na hilo ndilo tunalolitaka.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1936, Natalia Sats, aliyekuwa akiongoza jumba la michezo ya kuigiza ya watoto mjini Moscow, alimwomba Sergei Prokofiev atunge kazi ya kuwazoesha watoto sauti za okestra. Prokofiev akatunga hadithi ya Petro na mbwa mwitu, akampa kila mhusika chombo chake: ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti, babu ni basuni, mbwa mwitu ni pembe tatu za okestra, Petro ni vyombo vyote vya nyuzi pamoja, na bunduki za wawindaji ni ngoma. Alitaka pia watoto waonyeshwe vyombo na kusikilizishwa sauti ya kila mhusika kabla hadithi haijaanza. Agizo hilo ni la busara sana, nami nitalirudia hapa chini. Hata hivyo sishauri kuanza na kazi hiyo. Inahitaji okestra nzima, na kupata obo, basuni na pembe tatu katika mji wetu kwa Jumamosi moja ni kazi kubwa. Isitoshe, mbwa mwitu wa misitu ya Urusi hamtishi mtoto wa komini ya Kampemba kama anavyomtisha fisi. Tutumie wanyama ambao mtoto tayari anawajua kwa tabia zao.

Hatua ya kwanza: chagua hadithi kwanza, muziki baadaye

Watu wengi huanza na vipande vya muziki wanavyovipenda, kisha wakavishonea hadithi. Matokeo yake huwa hadithi isiyo na mfupa. Anza na hadithi ambayo ingewashika watoto hata kama muziki usingekuwepo, iwe na wahusika wachache (wanne wanatosha kwa watoto wa umri huu) na iwe na mambo yanayosikika, kama vile kuchimba, kunyata, kuanguka, mvua.

Mimi hutumia hadithi ya kisima, ambayo wazee wengi wa Katanga wanaisimulia kwa namna tofauti. Ukame umekuja, mito imekauka, Simba anaita wanyama wote wachimbe kisima. Kalulu, yule sungura mjanja, anakataa kuchafua manyoya yake. Maji yanapopatikana anakatazwa kunywa, naye anakuja kuiba usiku. Walinzi wote wanadanganywa, Tembo akiwa wa kwanza. Mwishoni Kobe anajitolea: anapakwa ulimbo mgongoni, bulimbo tunavyouita hapa, utomvu ule unaonata ambao wavulana hutegea ndege, kisha anazama kisimani hadi mgongo wake tu unaonekana kama jiwe la kukanyagia. Kalulu anakanyaga, ananasa. Asubuhi anahukumiwa, naye anakubali kuchimba kama wengine, na mvua inanyesha. Ikiwa mnayo hadithi nyingine nyumbani kwenu, itumieni, mradi mtu mzima mmoja aijue vizuri kiasi cha kuisimulia bila karatasi.

Hatua ya pili: mpe kila mhusika na kila tukio muziki wake

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote, na ndipo panapostahili muda mwingi. Kaa na hadithi yako, uigawe katika matukio, halafu utafute muziki ambao ungelieleza tukio hilo hata kwa mtu asiyejua lugha. Kwa hadithi ya kisima nimefikia mpangilio ufuatao baada ya kubadilisha mara nyingi.

Ukame ninaufungua kwa mwanzo wa «Kiangazi» cha Antonio Vivaldi. Tungo zake nne za majira ya mwaka zilichapishwa Amsterdam mwaka 1725 zikiambatana na mashairi, na shairi la kiangazi linasema juu ya watu na mifugo waliolegea kwa jua kali. Muziki unaanza kwa sauti zilizochoka, zinazosimama kila mara kana kwamba zinatafuta pumzi. Mtoto wa Lubumbashi aliyewahi kutembea mwezi wa Oktoba saa nane mchana akitoka shule anaelewa mara moja, wala hahitaji kuambiwa kwamba Vivaldi alikuwa Mwitalia.

Wanyama watatu ninawachukua kwa Camille Saint-Saëns, Mfaransa aliyetunga mwaka 1886 mfululizo wa vipande kumi na vinne, vingi vikiwa picha za wanyama, kwa ajili ya kuwafurahisha rafiki zake. Alikataa visichapishwe akiwa hai, isipokuwa kile cha bata maji kiitwacho «Le Cygne», hivyo vilitolewa vyote mwaka 1922, baada ya kifo chake. Simba anakuja kwa mwendo wa kifalme, na ngurumo zake zinasikika upande wa sauti nene za piano. Tembo ni kontrabasi, ile kubwa kuliko zote katika ukoo wa violoni, inayojaribu kucheza dansi, ingawa hapa kwetu violonselo, violoni kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, au hata tromboni inaweza kubeba wimbo huo. Kobe ndiye kipenzi changu. Saint-Saëns alichukua dansi ya Offenbach iliyokuwa maarufu kwa kasi yake, akaiandika iende polepole mno, hatua kwa hatua. Ukipata nafasi, mwombe mpiga violoni aicheze kwanza kwa kasi yake ya kawaida, kisha kwa mwendo wa Kobe. Watoto hugundua wenyewe kwamba ni wimbo uleule, na furaha ya kugundua hivyo ni kubwa kuliko ya kuambiwa.

Kuchimba kisima kunahitaji muziki unaoanza chini na kupanda. Edvard Grieg wa Norway aliandika mwaka 1875, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa Henrik Ibsen, kipande kinachoanza kwa kunyata katika sauti nene, kikarudia wimbo uleule mfupi kila mara kwa kasi na nguvu zaidi hadi kinapasuka. Katika mchezo ule ni kijana aliye katika ukumbi wa mfalme wa mlimani, akizingirwa na viumbe wake. Mimi nakitumia kwa majembe. Wapo wanaoona si halali kuchukua muziki wa hadithi moja na kuupeleka katika nyingine. Naheshimu wasiwasi huo, na ndiyo sababu katika hatua ya mwisho nasisitiza watoto waambiwe kila kipande kimetoka wapi na ni kazi ya nani.

Maji yanapoanza kutiririka, violonselo inabaki peke yake na kupiga utangulizi wa safu (suite) ya kwanza ya violonselo ya Johann Sebastian Bach, ulioandikwa karibu mwaka 1720. Ni sauti zinazofuatana bila kukatika, kama maji yanayozunguka mawe. Hapo simulizi hukoma kabisa kwa zaidi ya dakika mbili.

Kalulu anayenyata nimempa wimbo wa Joseph Haydn, kutoka sehemu ya pili ya Simfoni namba 94, iliyosikika kwa mara ya kwanza London mwaka 1792. Mtu yeyote wa korali anayesoma solfeji anaweza kuuimba sasa hivi: do do mi mi sol sol mi, fa fa re re si si sol. Unaanza kwa sauti ndogo, unarudiwa kwa sauti ndogo zaidi, na mwishoni mwa kipimo cha 16 okestra nzima inapiga pigo moja kubwa. Ndipo mguu unanasa.

Mvua ya mwisho ni ya Vivaldi tena, sehemu ya polepole ya «Majira ya Baridi», ambamo shairi linazungumza juu ya mtu aliyekaa karibu na moto wakati mvua inawalowesha wengine nje. Violoni moja inaimba, nyingine zinadonolewa kwa vidole, na kila kidonoo ni tone. Kama nyuzi hazitoshi, mpe mpiga gitaa matone hayo. Mji huu hauna upungufu wa vidole vya gitaa: mtindo wa kudonoa nyuzi ambao Jean-Bosco Mwenda aliurekodi mwaka 1952 bado unaishi mikononi mwa vijana wengi, nao unafaa sana kwa tone la mvua.

Muziki wote huo, ukichukua sehemu fupi za vipande virefu, ni dakika kumi na sita hivi. Maneno yasizidi dakika kumi na mbili. Ukiona maneno yanaushinda muziki kwa muda, punguza maneno. Watunzi hao wote walifariki zamani na nota zao zinapatikana bure katika tovuti ya IMSLP. Angalia tu kwamba toleo unalopakua ni la zamani na si mpangilio mpya wa mtu aliye hai.

Hatua ya tatu: tafuta wapiga muziki pale walipo

Usisubiri okestra. Kinshasa wanayo Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, na safari yake inatuonyesha kwamba okestra huweza kuanza na watu wanaopokezana chombo kimoja. Hapa Lubumbashi nenda parokiani na makanisani. Wakimbanguisti, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, wana desturi ya fanfari (bendi za tarumbeta), FAKI, na vikundi vya wapiga filimbi, FLUKI, na ndani ya vikundi hivyo kuna vijana wenye pumzi na nidhamu. Parokia za Kikatoliki zina wapiga kinanda wanaosoma nota. Uliza pia ni nani ana violoni kabatini. Wapo wengi kuliko unavyodhani, na wengine hawajaombwa kupiga kwa miaka.

Kundi linalotosha ni violoni mbili, violonselo moja, filimbi au klarineti moja, kinanda au piano, na mtu mmoja wa ngoma. Mwenye ujuzi wa kuandika nota awapangie upya vipande kwa vyombo mlivyo navyo. Kazi hiyo huchukua wiki tatu, nayo ilipwe hata kama wengine wanajitolea. Jambo moja sikubali kulilegeza: muziki usitoke kwenye simu wala kwenye spika. Mtoto anapaswa kuona upinde ukiteleza juu ya uzi, na kusikia mpiga filimbi akivuta pumzi kabla ya ndege kulia.

Hatua ya nne: andika simulizi pamoja na nota

Andiko la msimuliaji lionyeshe maneno, muziki na ukimya katika ukurasa mmoja, na kila mpiga muziki apewe nakala. Huu ni ukurasa wa kunaswa kwa Kalulu kama tunavyoutumia:

*Msimuliaji, polepole:* «Usiku. Wanyama wote wamelala. Kobe peke yake yuko kisimani, na mgongo wake umetokeza kama jiwe. Kalulu anakuja na kibuyu chake.»

*Msimuliaji anafunga mdomo, anahesabu moyoni hadi tatu, hatazami watoto bali anatazama kisima.*

*Violoni ya kwanza: vipimo vinane, sauti ndogo. Kisha vinane tena na violonselo, ndogo zaidi, upinde ukigusa uzi kwa shida.*

*Mwisho wa kipimo cha 16: wote kwa nguvu, pamoja na ngoma.*

*Kimya. Msimuliaji haongei mpaka watoto wamalize kupiga kelele na kucheka.*

*Msimuliaji, kwa sauti ya kawaida:* «Mguu wa kwanza umenasa.»

Tazama kwamba hakuna mahali msimuliaji anaposema «Kalulu ananyata» wala «ghafla». Maneno hayo yameachiwa muziki. Katika rasimu yangu ya kwanza yote mawili yalikuwemo, na wapiga muziki wakawa wanarudia kitu ambacho watoto wameshakisikia. Pitia andiko lako lote kwa jicho hilo, ufute kila neno linalofanya kazi ambayo chombo kinaweza kuifanya.

Hatua ya tano: mpate msimuliaji

Mwigizaji mzuri si lazima awe msimuliaji mzuri wa tamasha hili, kwa sababu mara nyingi hapendi kukaa kimya. Tafuta mtu ambaye watoto wa mtaani kwake humkimbilia jioni. Sisi tulimpata bibi mmoja ambaye hajui nota hata moja, lakini ana sikio. Watoto walimwita Nkambo tangu dakika ya kwanza, naye aliwaita wajukuu wake, na kuanzia hapo ukumbi ulikuwa uwanja wa nyumbani. Aanze kwa mwito wa hadithi wa lugha yake mwenyewe, na watoto wamjibu.

Lugha iwe Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kile watoto wanachochezea. Kifaransa cha darasani huwafanya wakae kama wako kwenye mtihani, na Kiswahili cha vitabuni, hiki ninachoandikia hapa, huwafanya wamheshimu msimuliaji kutoka mbali. Majina ya vyombo yanaweza kubaki kama yanavyotamkwa mjini: violoni, klarineti, tromboni.

Hatua ya sita: tarehe na ukumbi

Tamasha langu la kwanza lilifanyika mwezi wa Desemba, katika ukumbi wa shule wenye paa la mabati na bila dari. Mvua ilishuka Kobe alipokuwa akiingia. Ndani ya dakika moja violonselo haikusikika tena hata mstari wa pili, msimuliaji akaanza kupaza sauti, watoto wa nyuma wakaanza kuzungumza, na hadithi ikatufia mikononi. Watoto mia moja na hamsini walirudi nyumbani bila kumsikia Kalulu akinaswa. Jambo hilo liliniuma sana, kwa sababu wengi wao sikuwaona tena.

Kwa hiyo epuka miezi ya mvua, Novemba hadi Machi, labda uwe na ukumbi wenye dari imara. Mwezi wa Mei ndio bora: mvua zimekwisha, watoto bado wako shuleni, na mitihani ya mwisho wa mwaka haijawabana. Fahamu lakini kwamba asubuhi za Mei na Juni zina baridi, na baridi hushusha sauti ya filimbi na tarumbeta. Wapuliziaji wapashe vyombo joto kwa dakika ishirini kabla ya kulinganisha sauti na nyuzi. Kiangazi kikiendelea hewa hukauka, mbao za violoni husinyaa na vigingi vya kukazia nyuzi huteleza, hivyo weka kitambaa chenye unyevu ndani ya kopo lenye matundu katika sanduku la chombo, kisiguse mbao.

Ukumbi uwe mdogo. Darasa kubwa mbili zilizounganishwa au ukumbi wa parokia unafaa kuliko jumba kubwa lenye jukwaa refu. Watoto themanini ni kikomo changu. Waketi chini kwenye mikeka, nusu duara, mstari wa mbele ukiwa mita mbili kutoka kwa wapiga muziki, wadogo mbele, na watu wazima kwenye viti pembeni na nyuma. Piga makofi mara moja katikati ya ukumbi mtupu: kama sauti inarudi mara kadhaa, tundika vitenge ukutani. Kwa ukubwa huo hakuna haja ya kipaza sauti, na umeme ukikatika hakuna kinachosimama isipokuwa kinanda cha umeme, ambacho kiwe na betri. Jenereta usiikubali, hata ikiwa uani, kwa maana mngurumo wake unakula sauti zile ndogo za Haydn.

Hatua ya saba: mazoezi

Mazoezi manne yanatosha ikiwa wapiga muziki wamejifunza sehemu zao nyumbani. Mawili ni ya muziki peke yake. La tatu msimuliaji anaingia, na kazi yote ya siku hiyo ni maungio: nani anamtazama nani, nani anatoa ishara, ukimya ni wa muda gani. La nne fanyeni mbele ya watoto watano au sita wa majirani, kwa kuwa watu wazima hawawezi kukisia ni wapi watoto watacheka au kuuliza swali. Mtu mmoja apime muda kwa saa na aandike.

Zoezi la kuchimba lina hatari yake. Watoto wataombwa kupiga pamoja na Grieg, kidole kimoja kwenye kiganja mwanzoni, kisha viganja, kisha miguu, nao watakimbia mbele ya muziki bila shaka yoyote. Tiba ni kumweka mpiga ngoma mbele kabisa, na msimuliaji amfuate yeye kwa mikono inayoonekana wazi. Mwishoni Grieg ameandika mapigo yenye mapengo katikati, na mapengo hayo lazima yawe kimya. Mfanyie msimuliaji mazoezi ya kuinua kiganja na kuganda.

Hatua ya nane: wiki moja kabla, darasani

Waombe walimu dakika kumi kwa siku, siku tatu. Siku ya kwanza watoto wasikie hadithi nusu tu, hadi Kalulu anapokataa kuchimba. Siku ya pili wajifunze kuimba wimbo wa Kalulu kwa do do mi mi, kwa sauti ndogo na kwa kunyata. Walimu wasiseme hata neno moja kuhusu lile pigo kubwa. Siku ya tatu wajadili kama Kalulu ana haki ya kunywa maji asiyoyachimba. Nimeona watoto wa miaka saba wakibishana juu ya swali hilo hadi kengele ikalia, na watoto hao huja ukumbini wakiwa na shauri lao.

Hatua ya tisa: siku yenyewe

Anza saa nne asubuhi, Jumamosi. Wapiga muziki wafike saa mbili. Watoto wapitie chooni kabla ya kuingia. Jambo hili likisahauliwa huharibu ukimya wa Bach kuliko kitu kingine chochote. Maji na biskuti vitolewe baada ya tamasha, kamwe si wakati wake, kwa sababu ya karatasi zinazolia.

Dakika nane za mwanzo ni za kuvitambulisha vyombo, kwa njia ya Prokofiev. Kila mpiga muziki asimame, aonyeshe chombo, apige sauti ya mhusika wake mara mbili. Tuliposhika violonselo tuliwauliza watoto kama inafanana na chombo wanachokijua, nao wakajibu kwa pamoja: karindula! Walikuwa sahihi. Karindula ina nyuzi nne juu ya ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye pipa, violonselo ina nyuzi nne juu ya sanduku la mbao, na katika zote mbili ni sanduku linaloifanya sauti ya uzi kuwa kubwa. Kama unaweza kumpata mpiga karindula, mwalike akae karibu na violonselo, wapigiane sauti moja kwa zamu. Vyombo viwili vinavyojibizana vitawaeleza watoto zaidi ya maelezo yoyote.

Mhusika akishatambulishwa, asitambulishwe tena. Katika hadithi yetu Kobe anatoweka kwa muda mrefu, na anaporudi kujitolea, violoni inaanza ule mwendo wake mzito bila neno lolote. Katika komini ya Kenya, msichana wa miaka sita hivi aliyekaa mstari wa mbele alimshika mwenzake mkono na kunong'ona, «Njo yeye anakuya.» Nkambo alimsikia, akatikisa kichwa kidogo, hakusema kitu. Mstari mzima ulikuwa umeshageuka kuutazama mlango.

Mtoto mdogo akilia, mtu mzima amtoe nje taratibu na amrudishe akitulia. Wanaouliza maswali kwa sauti wajibiwe kwa macho. Usiwanyamazishe kwa «shhh», kwa kuwa sauti hiyo ni kubwa kuliko swali lenyewe. Msimuliaji akisahau maneno, muziki uendelee.

Hadithi ikiisha, acha dakika ishirini za kugusa. Watoto waje kwa vikundi vya wanane. Uzi mmoja wa violonselo udonolewe na kila mmoja, ngoma ipigwe, mkono uwekwe juu ya mbao za piano wakati inapopigwa ili mtetemo usikike kwa ngozi. Vyombo vya kupuliza visipitishwe mdomo kwa mdomo. Mpiga filimbi awape chupa tupu za maji wapulize juu ya mdomo wa chupa, kila mtoto na yake, na awaonyeshe kwamba chupa yenye maji mengi hutoa sauti ya juu kuliko yenye machache.

Hatua ya kumi: wiki inayofuata

Mwalimu awaambie sasa majina: Vivaldi wa Venice, Bach na Haydn, Saint-Saëns wa Ufaransa, Grieg wa Norway. Ramani iwe ukutani. Waambiwe pia kwamba muziki wa majembe ulikuwa wa hadithi nyingine kabla ya kuwa wetu, na wasimuliwe hadithi ile kwa kifupi. Kisha wapewe karatasi na rangi, wachore sauti moja waliyoikumbuka, na kila mmoja aimbe au aigize kwa mdomo ile aliyoichora. Hapo utajua nini kimebaki. Katika darasa moja la watoto thelathini na wawili, kumi na wanne walimchora Kobe, tisa wakachora kisima kikiwa na maji, na mvulana mmoja akaacha karatasi nzima nyeupe, isipokuwa alama moja nyeusi katikati. Nilipomuuliza ni nini, alisema ni pale Nkambo aliponyamaza.

Nota, andiko na karatasi ya muda viwekwe katika bahasha moja yenye jina la hadithi, na kila mpiga muziki aandike kwa penseli pembeni mwa sehemu yake mahali alipochelewa. Bahasha hiyo ndiyo mtakayoifungua Mei ijayo.